Vigingi Vilivyoota Majani

Ndugu zangu, bamama, bapapa, na ninyi mlioketi nje kwa sababu viti vimekwisha, nawasalimu. Mara tatu nimeombwa kusimama hapa mbele, na mara tatu nimekataa. Nilikuwa nikifikiri ushuhuda ni wa mtu aliyeponywa ugonjwa, au aliyetoka mikononi mwa watu wenye silaha. Hapa Fizi wengi wenu mna shuhuda za namna hiyo, na nimezisikiliza. Yangu ni ndogo. Mimi niliangushwa na vijiti kumi na kimoja, nilivyovikata mwenyewe na kuvipigilia mwenyewe. Nitaisimulia kwa mpangilio, kwa maana ndivyo nilivyozoea, na sitataja jina la mtu. Baadhi ya wahusika wamo humu ndani. Wakitaka kujulikana watainua mkono wenyewe.

Wengi mnanifahamu kama mwalimu wa shule ya msingi. Nilianza kufundisha katika kijiji cha Kilembwe nikiwa na diploma ya sekondari tu. Huko, katika kabati la shule lililoliwa na mchwa, nilikuta kitabu cha Kifaransa cha upimaji wa ardhi. Hakikuwa na jalada wala kurasa za kwanza, kwa hiyo mpaka leo sijui kiliitwaje wala nani alikiandika. Nilikisoma miaka miwili, kamusi ikiwa pembeni. Sehemu nisiyoielewa niliijaribu kwa mikono. Nilifunga mafundo kwenye kamba ya katani, fundo moja kila mita, nikapima uwanja wa mpira, kisha bustani ya parokia, kisha mashamba ya watu waliokuwa wakigombana. Nikawa naitwa huku na huku. Watu walisema, "Mumulete Mwalimu na kamba yake."

Shahada ya kwanza niliipata nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakisindikiza watoto wao chuoni. Walimu wawili niliofundisha nao walikuwa wamekwisha kuacha chaki na kwenda kuchimba dhahabu Lulimba. Mmoja wao alinikuta barabarani na vitabu vyangu, akaniuliza udongo ninausomea nini wakati wenzangu wanaufukua. Nilipenda tu kukijua kitu mpaka mwisho wake.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita nilipopokelewa kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa ardhi, katika chuo kimoja cha mjini. Nilikuwa nikienda kule kwa vipindi vya masomo, halafu narudi hapa kwetu, mji wa Baraka, kufanya utafiti. Kazi yangu ya mwisho, ile tunayoiita memwari, ilihusu mashamba ambayo wenyeji wa kando ya ziwa wanawapa wakimbizi wa kutoka Burundi ili walime. Nilitaka kujua jambo moja: shamba ambalo mgeni amepewa kwa maneno, bila karatasi, je, linabaki na ukubwa uleule msimu hata msimu, au linasogea? Ili kujua hilo ilinibidi nipime mara mbili, wakati wa kiangazi na tena mvua zikiwa zimeshika, kutoka pointi zilezile. Kabla ya kuanza nilitia sahihi karatasi mbili, moja kwa shefu wa kijiji na nyingine kwa chuo. Zote mbili zilisema kwamba sitaacha alama ya kudumu katika shamba la mtu.

Ninyi mnaojua desturi yetu mnivumilie kidogo, kwa kuwa humu kuna wageni. Kwetu mgeni akipewa shamba, analima vitu vinavyovunwa vikaisha: muhogo, maharage, mahindi, karanga. Akivuna anampelekea mwenye udongo kikapu cha kwanza, na maisha yanaendelea. Lakini hapandi mti. Hapandi mchikichi, hapandi kahawa, wala hapandi uzio. Anayepanda mti amesema kwamba udongo ni wake na wa watoto wake. Hakuna sheria iliyoandikwa mahali. Kila mtu anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Mimi nimezaliwa hapa, kwa hiyo nami niliijua.

Sasa sikilizeni kosa.

Mara ya kwanza nilitumia vigingi vya mwanzi mkavu. Baada ya siku nne nilirudi nikakuta vingi havipo. Sikuwalaumu watu. Kijiti kikavu kilichochomekwa shambani, mbele ya mama anayetembea nusu siku kutafuta kuni, ni kuni. Vilivyobaki vilikuwa vimeanza kuliwa na mchwa. Nikakaa chini na daftari langu, nikaandika: kigingi kisiwe kikavu, kisiwe kitamu kwa mchwa, kisiungue vizuri. Nikatazama uzio wa nyumbani kwangu. Ule mti wa utomvu ambao sote tunauzungushia nyumba zetu hauungui vizuri, na mchwa hawaupendi. Nikakata fimbo zake mbichi, nikazichonga ncha, nikafunga kitambaa chekundu juu ya kila moja. Niliona nimefanya jambo la akili.

Nasikia wengine mmeanza kucheka. Chekeni tu. Mnajua mti ule. Ukiuchomeka hata kichwa chini, unaota.

Nami nilijua. Lakini ilikuwa kiangazi, ardhi ngumu kama tofali, na kichwani mwangu zile hazikuwa fimbo za mti tena. Zilikuwa pointi, na kila pointi ilikuwa na namba. Nilizipigilia katika mashamba sita karibu na Lweba. Matano yalikuwa mlimani. La sita lilikuwa bondeni, pale kijito kinaposhuka kuelekea ziwani. Shamba hilo alipewa mama mmoja mkimbizi, mjane, mwenye watoto wanne. Alikuwa amepanda muhogo, na ulikuwa umekwisha kufika magotini.

Yule mama alinisaidia. Nilikuwa peke yangu na kamba inahitaji watu wawili, akaniambia, "Mwalimu, leta mi nishike." Akashika mwisho wa kamba saa nzima. Kila nilipopigilia kigingi, yeye alikanyaga udongo pembeni kwa mguu ili kisitikisike, kama mtu anavyofanya akipanda. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu walimwona. Shamba lake peke yake lilichukua vigingi kumi na kimoja, nikaviandika vyote katika daftari: namba, umbali, na kitu cha karibu. Kigingi cha saba, hatua sita kutoka kichuguu. Kigingi cha kumi, ukingo wa kijito. Nikaenda mjini kwenye masomo.

Mvua zikaanza, na nilipokuwa darasani vigingi vyangu vikafanya kazi yao. Vya mlimani vilikauka vyote. Vya bondeni, penye unyevu, viliota vyote. Vitambaa vyekundu vilichukuliwa na upepo au na mikono ya watu, sijui. Kilichobaki ni mstari wa miti michanga yenye majani, umenyooka kwa kamba, umezunguka shamba la mgeni pande zote nne.

Mzee mwenye udongo alipita akauona. Si mtu mbaya yule mzee, tafadhali tuelewane hapo. Alimpa yule mama shamba bila kuombwa mara mbili. Lakini alichokiona kingemshtua mtu yeyote wa hapa. Alimwita akamuuliza. Yule mama akasema miti ni ya Mwalimu, ni vipimo vya masomo. Mzee akamjibu kwamba Mwalimu anapima kwa kamba, hajawahi kumwona akipanda mti katika shamba la mtu, na kwamba wapo watu walioona mguu wa nani ulikanyaga udongo. Akamkataza kukanyaga tena pale. Muhogo ukabaki ardhini. Shauri lake lingesikilizwa kwenye lubunga, kile kibanda ambacho wazee wetu wanakaa kusikiliza mambo ya kijiji, na ilisemekana kwamba baada ya hapo shamba lingepewa mpwa wa mzee, pamoja na kilichomo.

Mimi niliporudi Baraka nilisikia habari hiyo kwa dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyenileta kutoka kituoni. Aliisimulia kama kichekesho: mkimbizi amejijengea uzio. Nilimwambia anipeleke Lweba palepale, na mzigo wangu ukiwa bado mgongoni. Nilisimama kwenye njia ya juu nikatazama bondeni. Sikuhitaji kushuka. Niliutambua mstari wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka, wala si kwenye kupigilia. Kupigilia kulikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Nilikuwa nimebakiza majuma sita kutetea memwari yangu. Nilikuwa na karatasi mbili zenye sahihi yangu zinazosema sitaacha alama. Nikisema ukweli, shefu angefuta ruhusa yake, na bila ruhusa ile vipimo vyangu vyote visingekubaliwa chuoni. Nikafanya hesabu kama nilivyozoea. Nikajiambia: nitetee kwanza, halafu nitakuja kusema. Muhogo hauozi ardhini kwa majuma sita. Hesabu ilikuwa sahihi, na ilikuwa uovu.

Nikafanya jambo baya zaidi. Siku ya soko, wakati watu wengi wamekwenda Baraka, nilishuka bondeni saa tano mchana nikaanza kung'oa vigingi. Nilifikiri vikitoweka, neno litatoweka. Lakini vilikuwa vimeshika mizizi, na nilikuwa nimeng'oa vitatu tu niliposikia watu wanakuja. Nikavitupa kwenye matete ya kijito nikaondoka kwa njia ya chini. Siku mbili baadaye nikasikia kwamba kesi ya yule mama imekuwa nzito. Walikuwa wakisema ameanza kuharibu ushahidi.

Nilikula bugali jioni ile bila kuonja kitu. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni uchovu wa safari.

Juma lililofuata, alasiri moja, yule mama alifika nyumbani kwangu Baraka. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kwake. Mke wangu akampa kiti na maji. Nilitoka chumbani nikiwa nimejitayarisha kutukanwa, na hata majibu nilikuwa nayo. Hakunitukana. Aliweka kikombe chini akasema:

"Mwalimu, nimekuja uniandikie barua. We unajua kuandika, na Mzee anapenda kitu cha karatasi."

Nikamuuliza barua ya kusema nini.

"Andika hivi. Mzee, mimi njo nilipanda ile miti. Nilikosa. Naomba univumilie nivune muhogo, kisha nitatoka."

Nikamwambia, "Lakini si wewe uliyepanda."

"Najua. Na we unajua." Alisema polepole, bila hasira. "Lakini mi nikisema ni ya Mwalimu, banasema ninamusingizia mutu ya masomo. We uko na masomo yako ya kumaliza. Mi natafuta muhogo yangu tu. Batoto hawawezi kula ukweli."

Nilichukua karatasi. Niliandika salamu. Niliandika "Mzee, mimi ndiye". Halafu nikaweka kalamu chini. Nimekuwa nikiandikia watu barua tangu nina miaka ishirini, barua za ndoa, za misiba, za kuomba kazi, na sijawahi kusimama katikati ya sentensi. Mke wangu alikuwa mlangoni na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi. Sikuwa nimemwambia kitu, lakini mtu uliyeishi naye miaka ishirini na mbili haambiwi. Akasema:

"Baba, hiyo barua iko na mwenyewe. Umalize kuandika, lakini utie jina yake."

Basi nikaimaliza. Maneno ya kukiri hayakubadilika, yale ya kuomba muhogo tu niliyaacha. "Mzee, mimi ndiye niliyepanda ile miti. Nilikosa." Chini nikaweka jina langu, nikaipiga sahihi ileile iliyo kwenye zile karatasi mbili. Nikamsomea yule mama. Akaniuliza, "Sasa masomo?" Nikamwambia sijui. Huo ndio ukweli, sikujua.

Lubunga ilikaa siku ya nne baada ya hapo. Nilikwenda na barua, na daftari langu la vipimo. Wazee walikuwa ndani, yule mama na wanawake wengine wameketi nje kwenye kivuli cha paa, kama ilivyo desturi. Niliomba neno kabla kesi haijaanza. Nikasoma barua. Nikaongeza kwamba hata vile vitatu vilivyong'olewa ni mimi niliyeving'oa, mchana wa siku ya soko, na nilikovitupa ni kwenye matete.

Halafu mzee mwenye udongo akaniuliza:

"Mwalimu, ulisoma miaka ngapi?"

Nikahesabu nikamwambia.

"Na miaka ile yote, hakuna mutu alikuambia huu muti unaota?"

Watu wakacheka, na wanawake walio nje wakacheka zaidi. Mmoja akasema hata mbuzi wake anajua. Mzee hakucheka. Akasema si rahisi, kwa kuwa mtu mwenye masomo anaweza kujitwisha kosa la maskini kwa huruma, na yeye hataki kudanganywa kwa huruma. Akataka uthibitisho.

Nikamwambia daftari ninalo. Akamchagua mtu mmoja anayejua kusoma, nikampa daftari, mimi nikakaa pale pale kwenye kibanda. Wakashuka bondeni bila mimi. Wakasoma: kigingi cha kwanza, hatua nne kutoka jiwe jeupe. Kipo. Cha saba, hatua sita kutoka kichuguu. Kipo. Namba mbili, tatu na nne, mashimo. Kigingi cha kumi, ukingo wa kijito, kipo na kina majani kuliko vyote. Vinane vimesimama na mashimo matatu, jumla kumi na kimoja. Wakaenda kwenye matete. Walirudi na fimbo mbili zilizooza. Ya tatu waliikuta imeangukia kwenye tope, imeanza kuota upya. Yule msomaji aliiinua juu mbele ya wote, na majani yake mawili.

Mzee akasema, "Hata ile alitupa imeota. Huyu anasema kweli. Mutu wa kupanda vizuri hivi hawezi kuwa mwalimu." Hapo naye akacheka.

Hukumu ilikuwa fupi. Yule mama arudi shambani siku ileile. Mimi ning'oe vigingi vyangu mwenyewe, kwa mikono, mbele ya kila aliyetaka kutazama, na waliotaka walikuwa wengi. Vilikuwa vigumu. Kwa kila kimoja nilitaja namba yake kwanza, mzee alitaka iwe hivyo. Shefu, kwa upande wake, alichukua ruhusa yangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

Niliporudi Baraka nilimpigia simu profesa anayeniongoza. Nilimweleza yote, tangu mwanzi mkavu mpaka tope la kijito. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo halikuwa kawaida yake. Kisha akauliza:

"Hayo unayoniambia, yameandikwa ukurasa gani wa memwari yako?"

Nikasema hayajaandikwa popote.

"Basi memwari yako haijaandikwa," akasema.

Sikutetea mwaka ule. Wenzangu walivaa majoho yao, mimi nilikuwa darasa la nne nikifundisha sehemu za desimali. Sokoni Baraka nikaitwa Mwalimu wa Miti. Mtu ananunua samaki wake wa mikeke, ananiona, anauliza kama nina mbegu. Nilivumilia, si kwa sababu ya ushujaa, bali kwa sababu lilikuwa jina la haki. Kuna wakati niliviweka vitabu kwenye gunia nikalifunga. Gunia lilikaa juu ya kabati miezi mitatu. Yule mwenzangu wa Lulimba alinitumia salamu kwamba bado kuna nafasi kwenye shimo lao.

Aliyenirudisha ni yule mzee mwenye udongo. Alikuja Baraka kwa shughuli zake, akapita kwangu kusalimu, akaona gunia. Akauliza kilichomo. Nikamwambia. Akaniambia jambo ambalo nililiandika mara alipoondoka, ili nisilipoteze. Alisema kwamba mimi nilikuja kupima udongo wake mara mbili, nikamuuliza una urefu gani, nikamuuliza una upana gani, lakini sikumuuliza hata mara moja ni nini kimepandwa juu yake, na nani amekipanda, na kwa nini. "Ungeuliza, ningekuambia," alisema. "Mi ninaongea sana."

Nikafungua gunia. Nikaandika upya. Safari hii kamba ilikuwa kitu cha pili. Nilizunguka kwa wenyeji na kwa wageni, nikawauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: katika shamba hili, nani anaruhusiwa kupanda nini, na akipanda, amesema nini? Shefu alinipa ruhusa mpya baada ya kuniangalia kwa muda mrefu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya karatasi: "Asichomeke kitu kibichi." Nilijifunza mambo ambayo yale majedwali yangu ya kwanza yasingenifundisha. Nilikuta wageni wanaoacha kulima sehemu yenye rutuba kwa sababu tu kuna kisiki kinachochipua na wanaogopa kitadhaniwa ni chao. Nilikuta mwenyeji aliyemruhusu mgeni wake kupanda michikichi miwili mbele ya mashahidi, na mashahidi wanakula mawese yake mpaka leo.

Sura ya kwanza ya memwari ile ni vigingi kumi na kimoja. Niliviandika kama vilivyokuwa, na siku ya soko niliiandika, na matete. Siku ya kutetea, mmoja wa maprofesa aliniuliza kama sioni aibu kuweka jambo kama lile kwenye kazi ya kitaaluma. Nikajibu kwamba aibu ninaiona, na ndiyo maana nimeiweka mwanzoni, ili msomaji ajue vipimo vyangu vimetoka kwa mtu wa namna gani. Walinipa shahada. Cheti kipo nyumbani, mke wangu amekitundika juu ya redio.

Nina shukrani. Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha nimalize hesabu yangu ya majuma sita. Namshukuru mke wangu, ambaye alisema sentensi moja kisha akaenda kukaanga ndagala. Namshukuru profesa kwa kunifelisha vizuri. Namshukuru mzee, kwamba alitaka uthibitisho hata dhidi ya huruma yangu. Na yule mama. Kwake sina neno linalotosha. Alikuwa tayari kubeba kosa langu na kulipa kwa shamba lake, akaja kuniomba kalamu tu.

Kwa vijana wetu mnaosoma, na najua wapo hapa wanaosoma mjini, fundisho langu ni hili, lichukueni kama litawafaa. Msirudi nyumbani na kipimo kabla ya swali. Na mkikosea, semeni mapema, wakati kosa bado ni kijiti. Mimi nilingoja, nikalazimika kung'oa mizizi.

Siku hizi bado ninaitwa kupima. Natumia mwanzi mkavu, na kila asubuhi ninakagua vilivyoibiwa naweka vingine. Kuni kwa watu wa Lweba, mchango wangu.

Nimebakiza jambo moja. Siku ile ya kung'oa, nilipofika kigingi cha kumi, kile cha ukingo wa kijito, mzee alinizuia. Akasema hicho kibaki. Nikamuuliza kwa nini, nikiogopa kwamba kesi inaanza upya. Akageukia watu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka njia ya juu: "Hii moja haiko mupaka. Haiko ya mugeni, haiko yangu. Ni ya ujinga ya Mwalimu. Mutu akiuliza, mumuambie hivyo."

Bado kipo. Sasa ni mti mrefu kunishinda. Juma lililopita nilipita njia ya juu nikamwona yule mama bondeni akichimba muhogo. Alikuwa amejaza kikapu cha kwanza, kile cha mzee, na kitenge chake alikuwa amekitundika kwenye ule mti ili kisichafuke. Aliniona akanipungia mkono. Nami nikampungia, nikaendelea na safari yangu.